Wasomaji Wanauliza: Ndege wa Urusi wanafuata nini kwa baridi ya Ol Bolossat?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za ndege, nafikiri ni juu ya msimu, wageni wameshaanza kuingia na watu wanawaona kwa nyaya za stima, kwa mashamba, kwa maziwa. Nimechagua zile ambazo jibu lake litasaidia wengi. Ambao sijawafikia mvumilie, zamu yenu inakuja.

Dereva wa pikapu, Lanet, anauliza: Mimi nabeba viazi kutoka Ol Kalou na Nyahururu. Kila nikipita karibu na Ziwa Ol Bolossat asubuhi nakuta ndege wengi sana na jamaa mmoja wa huko aliniambia wengine wametoka mpaka Urusi. Sasa kama wanatoroka baridi ya kwao, mbona wasiende Mombasa? Huko juu hata mimi navaa jaketi mbili.

Ndugu dereva, hili swali nimelipenda sana, juu watu wengi wa Nakuru hawajui hata kama hilo ziwa liko, na liko hapo tu ukishavuka milima ya Dundori. Ol Bolossat liko kama mita 2,340 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nakuru liko kwa mita kama 1,760 na Victoria kule Kisumu ni 1,134, kwa hivyo unaona venye Ol Bolossat limepanda, ndio maana unavaa hizo jaketi. Alafu maji yake si ya magadi kama ya Nakuru, ni maji matamu, yanatoka kwa chemchemi na vijito vinavyoshuka mteremko wa Satima na milima ya Nyandarua, yanatulia hapo bondeni kwa matete na nyasi, kisha yanatokea upande wa Nyahururu yanakuwa mwanzo wa mto Ewaso Narok, ule ule unaoruka pale Thomson's Falls. Sio ziwa refu kwenda chini. Sehemu kubwa ni maji ya kina kifupi, vinamasi na matope, na wakati wa kiangazi kikali linapungua mpaka unaona ng'ombe wanalisha mahali kulikuwa na maji.

Sasa hapo kwa matope ndio jibu lako liko. Ndege hatoroki baridi, anatoroka njaa. Mwili wake umefunikwa manyoya, na akiwa ameshiba anaweza kulala nje usiku wa baridi na asubuhi akaamka vizuri tu. Lakini kule kaskazini ya Urusi ikifika Oktoba maji yanakuwa barafu, matope yanakuwa magumu kama lami, wadudu wamekufa ama wamejificha chini, na tena mchana unakuwa mfupi sana hata muda wa kutafuta chakula hakuna. Atakula nini? Ol Bolossat usiku ni baridi kweli lakini ziwa haligandi, matope ni laini, vijidudu viko, na mchana ni masaa kumi na mawili Januari ama Julai. Kwa ndege hiyo ni neema.

Siku ingine ukiwa na dakika kumi egesha gari mahali salama, ushuke polepole mpaka karibu na ukingo. Usiangalie wale wakubwa kwanza, angalia chini kwa matope. Utaona kitwitwi mdogo sana, rangi ya kijivu mgongoni na mweupe tumboni, miguu myeusi, anatembea kichwa kikiwa chini, anadona, hatua mbili, anadona tena, hata hana wakati wa kukuangalia. Huyo wataalamu wanamuita Calidris minuta, uzito wake ni kama gramu 25 tu, na anataga mayai kule juu kabisa karibu na bahari ya barafu. Amefika hapo kwa mabawa yake. Ukirudi Aprili umuangalie tena utashangaa, ile kijivu imeanza kuwa kahawia yenye wekundu, hayo ni manyoya ya kwenda kutafuta mke, na amenenepa, juu kabla ya safari wanakula mpaka mafuta yanajaa chini ya ngozi, hayo mafuta ndiyo petroli yake ya kuvuka jangwa.

Kuhusu Mombasa, huko pia wanaenda, ukifika Mida Creek karibu na Watamu utawapata kwa maelfu maji ya bahari yakitoka. Kila mmoja anafuata chakula chake na njia yake. Wengi wa hawa wa kwetu wanashuka kupitia Arabuni, Bahari ya Shamu na Ethiopia, alafu wanafuata Bonde la Ufa ziwa kwa ziwa. Wengine wanabaki hapa mpaka Machi ama Aprili, wengine wanakula siku kadhaa tu wanaendelea mpaka Afrika Kusini. Na hapo ndio naomba unisikize vizuri, juu hii ndio kitu inaniumiza: tumezoea kuhesabu ziwa moja lenye jina kubwa, Nakuru, lenye geti na tiketi, lakini ndege anahesabu yote. Akitoka Ethiopia amechoka akute Ol Bolossat limelimwa mpaka kwa maji na pampu za umwagiliaji zinavuta kila upande, hawezi kungoja mtu arekebishe. Serikali ililitangaza eneo la ardhi oevu linalolindwa mwaka wa 2018 na mimi nilifurahi sana, lakini tangazo haliwezi kuzuia jembe. Wanaozuia ni wale wakaazi wa hapo kando wanaopanda miti kwa mipaka na kupigana na uchomaji wa matete, na hao wanastahili msaada kuliko wanavyopata sasa.

Kijana wa Section 58, Nakuru: Nilikuwa mdogo ziwa letu lilikuwa pink yote kwa flamingo. Sai ukienda unaona wachache. Wanasema walihamia Ulaya, ni ukweli?

Hapana kijana wangu, hawajaenda Ulaya. Flamingo wetu, hasa wale wadogo ndio wengi, si wahamaji wa msimu kama yule kitwitwi, wao ni wa kuzungukazunguka hapa hapa Afrika Mashariki. Leo Nakuru, mwezi ujao Bogoria, alafu Elmenteita, alafu Natron kule Tanzania ambako ndiko karibu wote wanazaliana, wanajenga vichuguu vya matope na mama anataga yai moja tu juu yake. Wanasafiri usiku, ndio maana unalala wakiwa hapa unaamka hawako na hakuna mtu aliyewaona wakiondoka.

Kilichowaondoa Nakuru ni maji kujaa. Flamingo mdogo anakula mwani wa kijani unaoitwa spirulina, anageuza kichwa juu chini ndani ya maji na kuchuja, na ile rangi ya pink inatoka kwa hicho chakula, mtoto wa flamingo huzaliwa kijivu. Huo mwani unapenda maji ya magadi makali. Kuanzia mwaka wa 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kupanda, mvua nyingi, na msitu wa Mau ulikuwa umekatwa kwa hivyo maji hayakai milimani yanakimbia moja kwa moja. Ziwa Nakuru lilikuwa kama kilomita za mraba 40 likapita 60, geti kuu la zamani likazama, na majirani zetu wa Mwariki na Barut wakapoteza nyumba na mashamba, hilo tusilisahau tukiongea juu ya ndege. Maji yakiwa mengi magadi yanapungua nguvu, mwani unapotea, flamingo anaondoka. Mwaka ambao Nakuru liko tupu enda Bogoria uone, pengine utalia kwa furaha.

Lakini pia usiseme ziwa limekufa. Samaki wameongezeka, na samaki wakiwa wengi wari (pelican) wanakuja. Wari weupe wanazaliana kwa visiwa vya mawe vya Elmenteita, hapo hakuna samaki wa kuwatosha, kwa hivyo wanakuja kula Nakuru na kurudi kulisha watoto. Simama kwa barabara kuu pale juu ya Elmenteita mwendo wa saa nne asubuhi, jua likishapasha ardhi, utawaona wanapanda wakizunguka bila kupiga bawa, duara juu ya duara, mpaka wanakuwa vidoa, alafu wanateleza upande wa Nakuru kwa mstari. Haya maziwa matatu, Nakuru, Elmenteita na Bogoria, UNESCO iliyaweka pamoja kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011, na walifanya vizuri kuyaweka pamoja, juu ndivyo ndege mwenyewe anayaona.

Dada wa Nyalenda, Kisumu: Mbayuwayu wamejaa kwa nyaya mbele ya duka langu, na wengine wamejenga kwa paa la jirani. Hawa ndio wanatoka ng'ambo?

Hao wa kwa nyaya ndio, hao wa kwa paa siyo. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo la wekundu uliokolea na mkia wa panda, hajengi hapa hata siku moja, anakuja Septemba kula na Aprili ameenda kujenga kwao. Wale wanaojenga nyumba ya matope chini ya paa ni mbayuwayu wetu wa kukaa, wengi wana michirizi myeusi kifuani. Wa Kisumu wana bahati juu ya wale wadudu wa ziwa wanaotokea kwa wingi mpaka unaona ni moshi umesimama juu ya maji, mbayuwayu anapita hapo mdomo wazi. Jioni usikae dukani, enda upande wa Dunga kabla giza, utaona wanavyoingia kulala kwa mafunjo kikundi baada ya kikundi.

Na mvua ya Novemba ikinyesha kumbikumbi wakatoka, angalia juu zaidi. Kuna kozi mdogo, ndege wa kuwinda, anayetoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, anapitia India, anavuka Bahari ya Hindi yote, anapita hapa kwetu akielekea kusini, na kumbikumbi ni chakula chake cha njiani.

Mvuvi, Siaya: Mwenzangu alipata ndege kwa wavu, mguuni ana pete ya chuma imeandikwa maneno ya nje na namba. Watu wakaogopa, wengine wanasema ni wa kijasusi, wengine ni uchawi. Tufanye nini tukipata mwingine?

Baba, hiyo pete ni kama kitambulisho. Mtu wa utafiti alimshika huyo ndege, akampima, akamvalisha pete na kumwachilia ili siku moja mtu kama wewe aseme amefika wapi. Hakuna ujasusi na hakuna uchawi. Hata hapa Kenya tunafanya hivyo, kule Ngulia ndani ya Tsavo wanavalisha ndege wahamaji pete tangu 1969, na pete za Ngulia zimepatikana mpaka Urusi.

Hapo hapo Siaya, mwanzoni mwa 2022, alipatikana tai mmoja mla samaki, yule wa aina ya osprei, pete yake imeandikwa Finland, alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000. Alipelekwa Nairobi kutibiwa lakini hakupona. Habari yake ilisomwa kila mahali na wengi waliona huruma, mimi nilichoona pia ni kwamba watu wa huko walimtoa kwa wavu na kupiga ripoti badala ya kumuua kwa woga, na huo ni moyo mzuri.

Kwa hivyo ukimpata mwingine: mfunike kichwa na kitambaa chepesi atulie, kata wavu usimvute, chunga kucha. Soma pete yote, herufi na namba, piga picha kama simu iko. Kama ni mzima mwachilie na pete yake, usiitoe. Kama ameumia ita KWS, wale wa wanyamapori. Namba ya pete ifikishe Makumbusho ya Taifa, kitengo cha ndege, wataandikia nchi alikotoka na wewe utaambiwa alivalishwa lini na wapi.

Msomaji wa Budalangi (ameomba jina lisitajwe): Huku kwa mashamba ya mpunga kuna vijana wanategea ndege na sumu alafu wanauza nyama. Nimeila zamani bila kujua. Ni hatari ama ni kelele tu?

Ni hatari, na asante kwa kuandika, najua si rahisi kusema haya juu ya majirani.

Hii kitu ya huko kwenu Bunyala inajulikana miaka mingi na watafiti wameiandika. Wanachukua dawa ya wadudu ya shambani, mara nyingi ile ya punje za zambarau inayoitwa kabofurani, wanaitia kwa konokono, wanatawanya kwa mashamba ya mpunga. Alafu wanafunga korongo mmoja mzima kwa kamba hapo katikati, wenzake wakipita juu wanaona mwenzao amesimama kwa chakula, wanashuka. Anayekufa sana ni korongo domo-wazi, yule mdomo wake haufungi katikati, ambaye kazi yake ni kula konokono, lakini na ndege wadogo wa kutoka Ulaya wanaokuja kwa yale maji ya mpunga wanakufa pia, hao hata nyama hawana.

Kabofurani inashika mishipa ya fahamu, ya ndege na ya mtu vilevile. Kutoa matumbo na kuchoma nyama si dawa ya sumu. Mtu akila kidogo anaweza kuumwa kichwa, kutapika, kutoka jasho na mate, macho kuona ukungu, na akadhani ni malaria akameza tembe. Mtoto ni hatari zaidi. Ukiona hizo dalili baada ya mtu kula nyama ya namna hiyo usingoje asubuhi, mpeleke hospitali na useme wazi amekula nini, daktari akijua atamtibu, akifichwa atapoteza muda. Wewe uliyekula zamani na uko sawa usikae na wasiwasi, lakini usile tena na usinunue.

Na kuhusu hao vijana, sidhani wote ni watu wabaya, wengi hawana kazi na nyama inauzika. Ila naomba chifu na wazee wa mtaa wasinyamaze, juu siku moja itakufa familia.

Mkulima, Ol Joro Orok: Korongo wenye taji wanafukua mahindi yangu yakianza kuota. Hawa wageni wanarudi kwao lini?

Mzee wangu, hao si wageni, ni wenyeji kuliko sisi. Korongo mwenye taji haendi ng'ambo, anazaliwa hapo Ol Bolossat kwa matete, anazunguka tu akitafuta malisho. Pole kwa hasara, sitaki kuonekana nadharau mahindi yako, najua mbegu ni pesa. Lakini ujue pia huyo ndege ameorodheshwa miongoni mwa walio hatarini kuangamia duniani, na Ol Bolossat ni moja ya ngome zake kubwa Kenya. Anataga mayai mawili matatu tu, na vifaranga wengine wanaibwa na watu wa kufuga, wengine wanagonga nyaya za stima.

Hasara yako ni ya wiki chache, mbegu ikiota mpaka mche ushike mizizi. Hizo wiki weka mtu wa kuwafukuza asubuhi mapema na jioni, ndio wakati wanakula, na ujadiliane na majirani mpande pamoja ili shamba moja lisibebe mzigo wote. Baadaye waache waingie, watakula panzi na viwavi. Usiweke sumu, tafadhali sana. Na ukiona jozi imesimama mahali pamoja kwa matete kila siku bila kuondoka, hapo kuna kiota, zuia mbwa na wachungaji kwa mwezi mmoja.

Mama wa kuku, Njoro: Hawa ndege wa nje wanaweza kuletea kuku wangu homa?

Inawezekana mama, ingawa si jambo la kila mwaka. Januari 2017 homa ya ndege iliua ndege wa porini na kuku kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Kwa hivyo maji ya kuku yatoe bombani au kisimani, yasitoke kwa bwawa ambapo bata maji wanaoga, chakula kifunike, na ukipata ndege wa porini amekufa usimshike na mkono mtupu wala usimpe mbwa. Wakiwa wamekufa wengi pamoja, mwambie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi wa chuo, Njoro: Nataka kuanza kujifunza ndege lakini sina darubini na sina pesa ya kuingia hifadhi. Naanzia wapi?

Anza bila darubini. Elmenteita unaiona bure kutoka barabarani, Ol Bolossat ukishuka Ol Kalou ama Nyahururu utapata bodaboda anayejua njia ya ukingoni, na usisahau kuuliza mkaazi kabla ya kuvuka shamba la mtu, na uchunge kiboko, wako hapo wengi na asubuhi na jioni wanatoka majini. Chukua daftari, andika tarehe, mahali, rangi ya miguu, umbo la mdomo, alikuwa anakula nini. Miguu na mdomo ndio vitakusaidia kuliko rangi ya manyoya, juu hawa wahamaji wakiwa kwetu wengi wao ni kijivu tu. Jifunze kwanza yule bata wa kaskazini mwenye mdomo mpana bapa, ukishamjua hutampoteza, alafu ongeza mmoja mmoja.

Na kuna kitu kizuri zaidi. Kila Januari kunafanyika hesabu ya ndege wa majini kwa maziwa ya Bonde la Ufa, Makumbusho ya Taifa, KWS na Nature Kenya wakishirikiana, imeendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanahitaji watu wa kujitolea wenye macho mazuri na miguu ya kutembea kwa matope. Waandikie mapema, Novemba hivi, useme uko Njoro na uko tayari kubeba daftari. Utapangwa na mtu anayejua na atakuazima darubini, na kwa siku moja utajifunza ndege wengi kuliko mwaka mzima ukiwa peke yako. Vaa gambuti.